Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip: maisha yake na fundisho lake kwetu wakristu

Ndugu wakristu wapendwa, na ninyi mababa mapadri mliotoka parokia za mbali ili kushangilia Yubile pamoja nasi: katika kurasa zilizotangulia mmesoma habari za watu walioipanda imani katika milima ya Masisi na katika msitu wa Walikale. Sasa tunawaletea maisha ya mtu wa namna nyingine. Yeye hakubatizwa. Alikuwa Mwislamu wa Unguja, mfanyabiashara wa pembe za tembo na mkuu wa misafara, na watumwa wengi sana walipita mikononi mwake. Wengine watashangaa, watauliza mtu huyu ametafuta nini katika kitabu cha Yubile. Tuwaeleze kwanza sababu zetu.

1. Sababu za kuandika habari hizi

Sababu ya kwanza ni Yubile yenyewe. Katika Sheria ya Musa, mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka wa tarumbeta: mtumwa alirudi kwa jamaa yake, na shamba lilirudi kwa mwenyewe. Bwana wetu Yezu, alipoanza kazi yake katika sinagogi la Nazareti, alisoma maneno ya nabii Isaya juu ya kufunguliwa kwa wafungwa, akayatimiza. Basi mtu hawezi kushangilia Yubile sawasawa kama hakuuliza: katika nchi yetu, ni nani aliyefungwa, na ni nani aliyefunga?

Sababu ya pili ni lugha yetu. Kiswahili tunachosali nacho, wazee wetu walikiita Kingwana, maana yake lugha ya Wangwana. Wangwana walikuwa ni akina nani? Walikuwa watu waungwana, yaani wasio watumwa, waliofuatana na Waarabu katika misafara, wakavaa kanzu, wakashika desturi za pwani. Wengi wao walikuwa watu wa Tippu Tip. Kinywa kile kilichotoa amri ya kufunga watu kamba ndicho kilichotuletea maneno tunayomwitia Mungu.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi walimu wa dini. Miaka mingi, tulipofika katika mafundisho juu ya dini nyingine, tulisema kwa kifupi kwamba Uislamu uliletwa kwetu na wauza watu, tukaendelea na somo lingine. Siku moja mtoto mmoja katika darasa la komunyo ya kwanza alisimama akauliza kama babu yake, mzaa mama, alikuwa muuza watu, kwa sababu ni Mwislamu. Babu huyo alikuwa fundi cherehani sokoni, mtu wa amani. Hatukuwa na jibu zuri. Mtoto alikaa chini, na Jumapili iliyofuata hakuja. Tangu siku ile tuliona kwamba tulikuwa tumefundisha jambo ambalo sisi wenyewe hatukulijua vizuri. Ndipo tukaanza kutafuta habari za mtu huyu.

2. Kuzaliwa na ujana wake

Jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyekaa sana barani, upande wa Tabora. Ukoo wao ulitoka Uarabuni, nchi ya Omani, lakini damu ya Afrika ilikuwa imeingia ndani yake tangu vizazi vya nyuma, na Hamed mwenyewe alikuwa mweusi wa rangi. Waliomwona walisema kwamba kwa uso alikuwa Mwafrika, kwa adabu na mavazi alikuwa Mwarabu.

Alianza biashara akiwa mtoto wa miaka 12 hivi, kwa kununua sandarusi katika pwani ya Mrima. Alipofika miaka 18 alimfuata baba yake barani. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji kwenye ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa ilikuwa nchi ambayo leo ni Kongo yetu. Huko pembe za tembo zilikuwa nyingi, na watu wengi hawakujua bado bei yake ya pwani.

Jina Tippu Tip alilipata njiani. Yeye mwenyewe alieleza kwamba ni mlio wa bunduki zake, kama wenyeji walivyousikia walipokimbia. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake, yaliyopepesa bila kutulia. Pengine maelezo yote mawili ni ya kweli: lakini yeye alichagua lile la bunduki.

3. Pembe za tembo na watu

Mwaka 1867 alifika Itabwa, kusini-magharibi ya ziwa Tanganyika, kwa mfalme Nsama, ambaye sifa yake ya vita iliogopesha misafara yote. Ugomvi ulitokea, watu wa Hamed walijeruhiwa, naye pia alipigwa mishale. Lakini bunduki zilishinda. Aliandika mwenyewe kwamba alipata katika boma lile zaidi ya frasila 1,900 za pembe, ndiyo kusema karibu tani 30. Tangu siku ile alikuwa tajiri, na jina lake lilitangulia mbele yake.

Tusimame hapa kidogo. Katika kitabu chake, Tippu Tip anahesabu pembe kwa uangalifu mkubwa, frasila kwa frasila. Watu hahesabu namna hiyo. Lakini pembe zile hazikutembea zenyewe. Jino moja kubwa la tembo ni mzigo wa mtu mzima, na kutoka Lualaba hadi pwani ni safari ya miezi mingi. Wapagazi wengine walilipwa, hasa Wanyamwezi, waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Wengine walitekwa katika vijiji vilivyochomwa. Wanawake waliotekwa walifanywa wapishi na wake wa askari. Watoto wa kiume walilelewa kambini, wakapewa bunduki, wakatumwa kuteka watoto wengine. Wenye kuchoka waliachwa njiani. Wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Vijiji vilivyopoteza watu wake vilibaki na pengo ambalo hakuna pembe iliyoweza kuliziba.

Karibu na mwaka 1870 alianza safari kubwa ya miaka 12. Alifika Utetela, kwa mfalme mzee Kasongo Rushie, aliyekuwa amepoteza dada yake zamani kwa watekaji. Tippu Tip alidai kwamba dada huyo alichukuliwa mbali, akaolewa na babu yake, na kwamba yeye mwenyewe ni mjukuu wake. Mfalme alifurahi, akampa utawala. Waandishi wengi wanadhani kwamba hadithi hiyo ilikuwa hila tu. Iwe hila, iwe kweli, inatufundisha jambo moja: huko Utetela palikuwa na mzee aliyelia dada yake miaka yote, na mlango wa moyo wake ulifunguliwa na jina la yule aliyepotea. Familia ngapi za Kongo zilikuwa na dada wa namna hiyo!

Kutoka huko alienda kukaa Kasongo, karibu na Lualaba, katika Maniema. Kasongo na Nyangwe zilikuwa miji mikubwa, yenye mashamba ya mpunga, miembe, na nyumba za mtindo wa pwani. Uzuri huo wageni waliusifu sana. Mikono iliyolima ilikuwa ya watumwa.

4. Wakristu waliokula katika sahani yake

Jambo lifuatalo wengi hawalijui, nasi hatukulijua.

Mwaka 1867, wakati ule ule wa vita vya Nsama, msafiri David Livingstone alikuwa upande huo huo. Alikuwa mprotestanti, adui mkubwa wa biashara ya watumwa, naye alikuwa amekwama, mgonjwa, chakula na vitu vya kununulia vimemwishia. Tippu Tip alimpa chakula na nguo, akamwongoza njiani pamoja na watu wake. Livingstone alichukia kazi ya watu hao, lakini hakuficha wema waliomtendea.

Mwaka 1874 alimsaidia Mwingereza Cameron. Mwaka 1876 alikutana na Stanley, akapatana naye kumsindikiza kwa vituo 60 vya safari kwa reale 5,000. Waliingia pamoja katika msitu mkubwa, wakashuka kandokando ya Lualaba. Msitu, ndui na mishale viliwachosha, na mwisho wa mwaka ule Tippu Tip alirudi nyuma. Baadaye aliwasaidia Wazungu wengine pia. Ni vigumu kumtaja Mzungu aliyepita Kongo ya mashariki siku zile bila kulindwa na Mwislamu huyu.

Sisi wakristu tuseme nini basi? Kama tungeandika kwamba alikuwa shetani tu, tungesema uongo. Na kama tungeandika kwamba alikuwa mkarimu tu, tungewatukana waliokufa njiani. Mtu yule yule aliyempa mgeni mgonjwa unga na mbuzi, aliwanyima wenyeji usingizi. Katika Uislamu, kama katika Maandiko yetu, mgeni ni amana, na desturi hiyo aliishika. Lakini kwake mgeni alikuwa mtu, na mshenzi wa msituni hakuwa mtu kamili. Dhambi yake ilisimama mahali hapo. Nasi tukitazama moyo wetu, je, hatuna watu tunaowakaribisha mezani, na wengine tunaowaona kama majani ya njia? Waliokaa Masisi na Walikale katika miaka yetu hii wanajua jibu.

Ni lazima tuseme pia kwamba Tippu Tip hakuja kuhubiri dini. Misafara ilitafuta mali. Waliotahiriwa na kuvaa kanzu walikuwa hasa watu wa kambi. Wala dini yake haikumwamuru kuchoma vijiji: Kurani inahesabu kumwacha mtumwa huru kuwa tendo jema sana mbele ya Mungu. Uislamu uliruhusu utumwa kwa masharti, ni kweli. Lakini sisi nasi tusisahau: mwaka 1452 Papa Nikola wa Tano alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia utumwani Waislamu na wapagani, na kutoka pwani ya Kongo ya magharibi merikebu za wabatizwa zilichukua watu karne baada ya karne kwenda Amerika. Mwaka 1992 Papa Yoane Paulo wa Pili alisimama katika kisiwa cha Gorée, Senegali, akaomba msamaha kwa ajili ya dhambi hiyo ya wakristu. Papa akiomba msamaha, mwalimu wa dini hawezi kujidai kuwa msafi.

5. Gavana wa Bula Matari

Mwaka 1885 Leopoldi wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alipata Kongo kuwa Dola lake. Alitangaza kwamba anakuja kukomesha biashara ya watumwa. Lakini mashariki yote ilikuwa mikononi mwa Waarabu na Wangwana, na mwaka 1886 walikiteka kituo cha Dola penye maporomoko ya Stanley, ambapo leo ni Kisangani. Tippu Tip hakuwapo siku ile.

Basi mwezi wa Februari 1887, huko Unguja, Stanley, ambaye watu wetu walimwita Bula Matari, alipatana na Tippu Tip kwa jina la mfalme. Mwislamu mkuu wa misafara akawa gavana wa Dola katika maporomoko yale, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na akaahidi kuzuia biashara ya watumwa katika sehemu yake. Wote wawili walipanda merikebu moja, wakazunguka Afrika ya kusini, wakaingia kwa mdomo wa mto Kongo. Mfalme mkristu aliyejisifu kupiga vita utumwa alimlipa mshahara mkuu wa watekaji, kwa kuwa kila mmoja alitafuta faida yake.

Mapatano hayo hayakuleta amani. Stanley alimlaumu kwamba hakutoa wapagazi wa kutosha kwa msafara wake wa kumwokoa Emin Pasha, na watu wengi wa msafara ule walikufa kwa njaa na magonjwa katika kambi ya Yambuya. Maneno hayo yalifikishwa hata kwa mahakimu. Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Kongo, akafika Unguja mwaka 1891, wala hakurudi tena.

6. Sauti ya Kardinali Lavigerie

Wakati huo huo sauti nyingine ilisikika. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliwatuma wana wake wa kwanza katika Afrika ya katikati mwaka 1878. Walifuata njia ile ile ya misafara, Bagamoyo, Tabora, hata wakafika Ujiji mwanzo wa mwaka 1879. Barua zao zilijaa habari za minyororo. Mwaka 1888, kwa kutumwa na Papa Leo wa Kumi na Tatu, Kardinali alizunguka Paris, London na Bruxelles, akihubiri juu ya watumwa wa Afrika, mpaka watu wakalia makanisani.

Mapadri hao waliwakomboa watoto kwa kutoa nguo na shanga, wakawalea Kibanga na Mpala, kandokando ya ziwa Tanganyika. Mmoja wa waliokombolewa mbali, katika jangwa la Sahara, Adrien Atiman, alisomeshwa udaktari huko Malta, akaja Karema mwaka 1889, akawa mwalimu wa dini na mganga wa watu wote mpaka kufa kwake mwaka 1956. Kwetu sisi walimu, yeye ni kaka yetu mkubwa. Aliyekuwa bidhaa akawa mtumishi wa uhai.

Lakini tusome na jambo lingine katika maisha ya Lavigerie. Mwaka 1860, akiwa bado padri, alienda Lebanoni na Siria kuwapelekea msaada wakristu walioponyoka machinjo. Huko Damasko alimtembelea Abd el-Kader, mkuu Mwislamu aliyefukuzwa Aljeria na Wafaransa. Mtu huyo alikuwa ameokoa maelfu ya wakristu, akiwaficha katika nyumba zake na kuwalinda kwa watu wake wenye silaha. Lavigerie hakusahau jambo hilo. Alipokuwa askofu mkuu wa Algeri, aliwaagiza mapadri wake wavae kanzu na joho kama watu wa nchi, waseme lugha yao, wale chakula chao, wawatibu wagonjwa wao, na wasiharakishe kumbatiza mtu. Yule aliyepiga vita wauza watu aliwaheshimu wenye kumwomba Mungu mmoja. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja katika moyo mmoja, na yanaweza kukaa katika moyo wetu.

7. Vita, na mwisho wa utawala wa Wangwana

Mwaka 1892 vita vikubwa vilianza kati ya Dola na Waarabu wa Maniema. Mwaka 1893 askari wa Dhanis waliteka Nyangwe, halafu Kasongo. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka ule ule. Ngongo Lutete, aliyekuwa kwanza mtumwa, halafu mkubwa wa vita wa Tippu Tip, alikuwa amehamia upande wa Dola. Lakini hao aliowasaidia walimpiga risasi mwezi wa Septemba 1893. Mwaka 1894 vita vilikwisha.

Hapa kwetu, milima ya Masisi ilikuwa pembeni ya njia kuu za misafara. Lakini mto Lowa, unaotoka katika milima hiyo na kupita katika nchi ya Walikale, unashuka mpaka Lualaba. Na chini kidogo ya mdomo wake, Kirundu, palikuwa na boma la Wangwana chini ya mkuu wao Kibonge. Katika nchi za Bakumu na Balega, ambao ni ndugu na majirani wa watu wa Walikale, bunduki zao zilifika na watu walichukuliwa. Maji ya Lowa yanajua mambo mengi kuliko vitabu vyetu.

Je, kushindwa kwa Waarabu kulileta uhuru? Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Baada ya pembe ulikuja mpira wa msituni. Askari wa Dola waliwafunga wanawake ili waume wao walete mpira, na vijiji vilichomwa tena, mara hii chini ya bendera ya mfalme mbatizwa. Wazee waliosikia kwamba Bula Matari amekuja kuwafungua waliona kamba ile ile mkononi mwa bwana mwingine. Tunasema haya katika kitabu cha kanisa bila kuogopa, kwa kuwa ukweli hauidhuru Eklezya. Uongo ndio unaoidhuru.

8. Uzee wake na kufa kwake

Unguja, Tippu Tip alikaa katika nyumba yake kubwa ya mjini, tajiri mwenye mashamba ya karafuu na maelfu ya watumwa. Mwaka 1897 sheria ya utumwa ilivunjwa katika kisiwa hicho. Aliishi kuyaona hayo yote: mji wake wa Kasongo umetekwa, mwana wake ameuawa, Dola lililompa mshahara limekuwa adui, na soko kuu la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, limejengwa juu yake kanisa la Waanglikana.

Katika siku zake za mwisho aliandika habari za maisha yake, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mdachi mmoja, Heinrich Brode, alizigeuza kwa herufi zetu, akazipiga chapa pamoja na tafsiri yake katika miaka ya 1902 na 1903. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha mtu aliyesimulia maisha yake mwenyewe kwa lugha yetu, au mojawapo ya vile vya kwanza kabisa, ni cha mtu huyu. Tumekisoma. Ni kitabu cha mtu mwenye akili, jasiri, mcheshi. Machozi ya watumwa hayamo.

Alikufa Unguja, mwezi wa Juni 1905, kwa homa ya malaria, akazikwa kwa desturi ya dini yake. Hukumu yake ni ya Mungu, Mwenye huruma na haki, ambaye sisi na Waislamu tunamwungama kuwa mmoja, na kwamba siku ya mwisho atawafufua wafu na kuwalipa watu.

9. Fundisho kwetu katika Yubile hii

Tumepata nini katika maisha haya? Tuseme mambo matatu.

Kwanza, dini ya mtu isihukumiwe kwa matendo ya wafanyabiashara na wenye silaha. Kama Waislamu wangetuhukumu kwa mpira wa Leopoldi, tungelia. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tangazo lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulikiri kwamba ugomvi ulikuwa mwingi kati ya wakristu na Waislamu, ukatuomba tuache yaliyopita na tutafute kuelewana kwa kweli, tukilinda pamoja haki, amani na uhuru. Katika miaka yetu, huko Beni na Ituri, wako wanaoua watu huku wakilitaja jina la Uislamu. Wameua wakristu wengi sana. Lakini mwaka 2021, huko Beni, sheikh aliyewakemea wauaji hao alipigwa risasi akiwa msikitini katika sala. Damu yake na damu ya ndugu zetu zimemwagika katika udongo mmoja.

Pili, kuacha yaliyopita si kuyaficha. Watoto wetu wafundishwe habari za misafara, za pembe, za minyororo, na za mpira pia. Wafundishwe na habari za Abd el-Kader na za Atiman. Anayejua nusu ya habari huchukia; anayejua habari yote huhuzunika kwanza, halafu huanza kutafuta amani.

Tatu, tutazame lugha yetu. Maneno dhambi, toba, rehema, neema, imani, sala na malaika yalitoka Uarabuni, yakapita pwani, yakaja na misafara pamoja na baruti. Wamisionari wetu wa kwanza hawakuyatupa. Waliyachukua, wakatufundisha nayo kumsalimu Mama Maria aliyejaa neema. Mungu alifanya na lugha ya Wangwana kama alivyofanya na Yosefu, aliyeuzwa na ndugu zake kwa wafanyabiashara wa misafara, akawa mwenye kuwalisha hao hao waliomwuza. Kila mara tunapofungua kinywa kusali tunatumia mali tuliyoipokea kwa njia ya Waislamu. Mtu hawezi kusali kwa maneno ya jirani yake na kumdharau jirani huyo.

Kisha lile jambo la mtoto. Tulipomaliza kusoma, tulienda sokoni kwa yule babu, fundi cherehani. Tulimwambia kwamba tulimfundisha mjukuu wake vibaya, tukamwomba radhi. Alisimamisha mashine, akatuvutia kiti, akatuma kijana kutuletea chai. Hatukuzungumza sana juu ya dini. Alituuliza habari za Yubile, nasi tukamweleza juu ya mwaka wa tarumbeta, wa kuwafungua watumwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kukubali. Mtoto alirudi katika darasa, na siku ya komunyo yake ya kwanza babu alimshonea shati jeupe, akaja akasimama mlangoni mwa kanisa kumtazama.

Wakristu wapendwa, tarumbeta ya Yubile ipigwe katika kila shirika na katika kila nyumba, milimani na msituni. Tumwombe Mungu awapumzishe waliokufa katika minyororo, ambao majina yao yeye peke yake anayajua. Awasamehe waliowafunga, Waislamu na wakristu. Na atufungue sisi kamba za chuki zilizobaki. Bikira Maria, Malkia wa Amani, atuombee.

Tumsifu Yezu Kristu.